Uso Wako Kwenye Picha ya Saba

Njoroge, baba,

Mambo ya soksi, sabuni, nyembe na namba za simu nimeyaandika kwenye karatasi nyingine na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Hii ni ya mambo mengine. Umeenda Kalimoni kumuaga cucu, bibi yako, na najua hatakuachilia mpaka umalize sahani mbili, kwa hivyo nina mchana mzima. Nimefunga mlango na kuwaambia watoto wa jirani kwamba leo hakuna kuchora.

Kesho unaenda kuwa askari. Kuna jambo nililofanya Thika, ndani ya ule ukumbi wa wapiganaji wa zamani, ambalo sijakuambia kwa miaka mitano. Kuna lingine nililofanya humo humo leo asubuhi, na hilo linakuhusu wewe. Nisipokuambia mimi utaambiwa na watu, nao watasimulia kwa raha.

Siku uliporudi kutoka uwanjani na barua ya jeshi, ulisimama mlangoni ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Mathe, nimeingia!" Kisha ukanieleza jinsi mlivyopangwa juani bila mashati, wenzako wakiyumba na kujikuna, na ofisa akakuzunguka wewe mara mbili na kukuuliza, "Wewe, nani alikufundisha kusimama hivyo?" Nawe ukajibu, "Mama yangu, afande." Wote wakacheka. Ulikuwa unacheka ukinisimulia. Mimi nikasema nimesahau nguo kwenye kamba, nikapanda ngazi zote mpaka juu ya paa la ploti tunayopanga, na juu kule hakukuwa na nguo yangu hata moja. Nilikaa kati ya mashuka ya watu mpaka uliponiita chakula kimeiva.

Ofisa aliuliza swali sahihi, na wewe ulijibu ukweli.

Unazijua zile picha tisa kuliko kijana yeyote wa rika lako, lakini hukuziona zilivyokuwa nilipoitwa. Wewe uliletwa nilipokuwa nimeshazisafisha. Paa la ukumbi lilikuwa limevuja miaka mingi, na hadibodi, ule ubao mwembamba zilikochorwa, ilikuwa imevimba kama mkate uliomwagikiwa chai. Aliyezichora kwanza alikuwa fundi wa mabango ya maduka pale Thika, miaka ya baada ya uhuru, mtu ambaye hakusoma sanaa popote, na nakuambia alikuwa na mkono kuliko mimi niliyekaa chuo kikuu miaka minne. Alichora vita vyote vya Jenerali Rwagi, kimoja baada ya kingine. Picha ya kwanza, Jenerali anakula kiapo. Ya pili, anafundisha vijana kutengeneza bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango. Nyingine zinamwonyesha akivamia kambi ya homgadi, wale walinzi wa upande wa mzungu, akivuka mto Chania usiku, akigawa chakula kilichotekwa. Walimwita Rwagi, yaani mbu, kwa sababu aliuma na kupotea kabla hujainua mkono.

Tatizo lilikuwa nyuso. Nyingi zilikuwa zimebanduka na kuanguka sakafuni, na hakukuwa na picha za kamera za kuigia. Wakati wa Hali ya Hatari watu walichoma picha zao wenyewe, kwa kuwa picha moja ya kijana aliyeingia msituni ikikutwa chini ya godoro, nyumba nzima ilibebwa. Ndiyo maana fundi wa kwanza alichukua nyuso za waliobaki hai, ndugu na binamu. Mimi nikaambiwa nichukue za wajukuu.

Familia zilikuja Jumamosi na wavulana waliooshwa na kupakwa mafuta mpaka wanang'aa. Ukumbi ulikuwa kama siku ya kuandikisha watoto shule.

"Huyu ndiye guka wake kabisa. Angalia masikio."

"Guka wake alikuwa mpishi!"

"Mpishi wa msituni ni mpiganaji. Wewe guka wako alikuwa wapi? Si alikuwa Ruiru anapalilia kahawa ya mzungu?"

"Alikuwa anapeleleza."

"Alipeleleza magugu."

Jenerali mwenyewe hakuacha mtoto. Hakuna aliyekuja kumdai. Mwenyekiti wa wazee, yule ambaye sote tunamwita Guka, yaani babu, alizunguka akiwaangalia wavulana mmoja mmoja kama mtu anayenunua ndama, kisha akakuona wewe kwenye ngazi, unakula mandazi na kunisubiri nimalize. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Akasema, "Huyo. Huyo ana shingo."

Nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Njoroge, njoo usimame hapa."

Mengine unayakumbuka, ila unayakumbuka kama mchezo. Nataka uyasikie jinsi mimi ninavyoyakumbuka. Nilikusimamisha juu ya kreti ya soda, chini ya mabati, mwezi wa Februari, bunduki ya bomba ikiwa imeinuliwa begani. Nilifanya hivyo Jumamosi tano. Ukisogea nilikugombeza. Mara moja nilikurushia kitambaa chenye tapentaini na kikakupiga mdomoni, ukakipangusa kwa bega ili mkono usishuke. Hapo nilikusifu. Nilikuwa nakusifu tu ukiumia bila kusogea, na wewe ulikuwa mtoto mwepesi wa kujifunza.

Jumamosi ya tano ukasema, "Mum, nishushe mkono?"

"Bado."

"Mum, naona giza."

"Kidogo tu. Nimefika kwenye shavu."

Ukaanguka. Kichwa kiligonga kona ya kreti na mkono wa kushoto ukabaki chini yako, umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Miezi miwili nilikuwa nikimtafuta maiti wa picha ya nane, yule rafiki wa Jenerali anayekufa ukingoni mwa mto. Nilijaribu vijana wakubwa na wote walikuwa wanalala kama watu waliolala. Wewe ulikuwa umeanguka kama mtu aliyekufa. Ulianza kujiinua.

Nikasema, "Usiinuke. Kaa hivyo hivyo."

Ukakaa. Nikachukua karatasi mpya. Ulikuwa unalia bila kutikisa mabega, machozi yanakwenda pembeni yanaingia sikioni. Baada ya muda ukauliza, kwa sauti ya kutaka kusaidia, "Nifunge macho?"

Nikasema, "Ndiyo. Funga."

Nilimaliza mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora, na bado ni huo. Ndipo nikakupeleka kliniki. Daktari alipouliza, nikasema umeanguka ukicheza mpira, na wewe bila kuambiwa ukaongeza, "Nilikuwa golikipa." Alipouvuta mkono kuunyoosha ulinitazama mimi, hukuutazama mkono, na hukutoa sauti.

Umeigeuza kuwa hadithi ya kuchekesha. Unawaambia marafiki zako, "Mathe alinichora nikiwa nimededi," nao wanacheka na mimi nacheka. Sikuwahi kukuomba msamaha kwa sababu ungesema "aah, Mum, ni sawa," na ningekubali.

Sasa picha ya saba.

Unaikumbuka ilivyokuwa: Jenerali amesimama upande wa kulia, amenyoosha mkono mbele, na mbele yake kuna mti mkubwa na vichaka vya kahawa. Hakuna mtu mwingine. Watoto wa shule walioletwa pale waliambiwa Jenerali anaonyesha njia ya kuingia msituni. Hata mimi niliamini. Nilikuwa nimeshaweka uso wako juu ya shingo ya Jenerali katika picha hiyo, nikageukia mti, kwa sababu rangi ya mti ilikuwa imeoza. Nilipoikwangua, chini yake ulitokea mguu.

Siku hiyo alikuwapo Cucu Wambui. Utamkumbuka, bibi mfupi wa Kiandutu aliyekuwa akitufagilia ukumbi na kutuletea chai kwa birika la bluu, aliyekuita "mume wangu" ukaona haya. Alikuja nyuma yangu, akaangalia, akaliweka birika chini polepole.

"Huo ni mguu wa Nyambura," akasema.

"Nani, Cucu?"

"Dada yangu. Ona kidole cha mwisho kimempanda mwenzake. Tulikuwa tunamcheka."

Alinieleza akiwa amesimama, bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nyambura alikuwa amepewa chumvi na mke wa homgadi. Walikuwa wamekua pamoja, walichezea mto mmoja, na chumvi ilikuwa haipatikani. Watu wa Jenerali wakasema amelipwa kwa kutoa habari. Walikuja wakamchukua jikoni. Yule fundi wa mabango alikuwa jirani yao tangu utoto, na alipopewa kazi ya kuchora vita vyote vya Jenerali, alichora na kifo cha Nyambura. Wazee wa wakati huo wakamwambia apande mti juu yake. Cucu alikuwa amesikia kwamba picha ilikuwapo. Alifagia ukumbi ule miaka yote bila kujua ni ipi.

"Mama alichoma kila kitu," akaniambia. "Hakuna picha yake popote. Sauti naikumbuka. Mguu naukumbuka. Uso nimeusahau, mwari wakwa, binti yangu. Najaribu, unakuja uso wangu mwenyewe." Akanishika kiwiko. "Ukifika kichwani uniite. Usiendelee bila mimi."

"Nitakuita, Cucu."

"Hata kama ni saa gani."

"Nitakuita."

Kesho yake magoti yalimkatalia akabaki nyumbani. Mimi niliendelea. Nilifunua magoti ya Nyambura, kisha kamba, kisha vijana wawili. Mmoja alikuwa nyuma yake anavuta kamba. Mwingine alikuwa amepiga magoti, amemshika miguu. Mkono wa Jenerali haukuwa ukionyesha njia yoyote. Ulikuwa ukiwaonyesha wale vijana pa kushika. Alasiri nilifika kichwani, na ndipo mwenyekiti alipoingia.

Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaketi kwenye benchi akaweka kofia yake gotini.

"Nani alikuambia ukwangue?"

"Mti ulikuwa umeoza, Guka."

"Basi chora mti. Jumamosi mgeni rasmi anakuja kuufungua ukumbi."

"Guka, hapa kuna mtu."

"Kairetu, msichana wewe, naona kuna mtu. Unadhani naona mbuzi?" Kisha akaanza kuongea akiangalia picha, na mpaka leo sijui kama alikuwa akiongea nami. "Aliyeshika miguu ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Aliniambia, shika hapa. Nikashika. Alikuwa mtu mzuri, Jenerali, alinipa koti lake siku ya mvua. Hakuna aliyeniambia niachie. Kwa hivyo nilishika hata alipokuwa ameshakwisha, mpaka mwenzangu akanipiga kofi."

"Na Jenerali?"

"Alikuwa anaangalia saa. Tulikuwa na safari." Akavaa kofia. "Chora mti."

Kutoka ukumbini mpaka kwa Cucu Wambui ni mwendo wa dakika kumi, na wewe mwenyewe ulikuwa nje unapiga mpira ukutani kwa mkono uliopona. Ningekutuma. Sikukutuma. Sitakudanganya kwamba nilimwogopa mwenyekiti. Nilijua Cucu akifika atakaa, ataomba kuangalia tena, pengine atawaita wajukuu, na mambo yatafika kwa kamati ya ukumbi, na mgeni hatakuja, na kile kibao cha mlangoni kilichokuwa kimeshaandikwa jina langu kitabaki kwa aliyekiandika. Nilikuwa na miaka thelathini, nimelea mtoto peke yangu kwa kuchora mabango ya vinyozi na bucha, na nilitaka jina langu mlangoni. Hiyo ndiyo sababu yote.

Asubuhi iliyofuata nilichanganya kijani nikamfunika. Nilianza na kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa juu na rangi hutiririka. Sikukiangalia. Nilikuwa naangalia brashi.

Alasiri nikasikia fimbo kwenye ngazi. Alikuwa amepanda kilima chote kwa magoti yale, amevaa koti la kanisani. Alisimama mbele ya mti. Akaugusa, na kiganja chake kikarudi kijani.

Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza, "Alikuwa amefunga kitambaa kichwani?"

Njoroge, sikujua. Nilikuwa nimefika kwenye kile kichwa siku iliyotangulia na kukifunika asubuhi ile, na sikujua. Bibi alikuwa akiniangalia mdomoni. Nikafikiri wanawake wote wa wakati ule walifunga vitambaa.

"Ndiyo, Cucu," nikasema. "Kitambaa cheupe."

Akatabasamu kidogo. "Nyambura hakufunga kitambaa maisha yake yote. Alipigwa na mama kwa sababu hiyo." Akapangusa kiganja chake kwenye koti lile zuri. "Basi si yeye. Ni mtu mwingine."

Akageuka akaenda. Ngazi ni nne. Alikuwa mtu wa kushuka ngazi moja, anapumzika, anashuka nyingine. Nilikuwa na muda wote huo wa kusema, "Cucu, nimekudanganya, sikuangalia." Niliosha brashi. Alikufa kabla ya mwaka kwisha, akiamini kwamba dada yake hayumo popote. Sikwenda kumzika. Nilikuambia nina homa, ukanichemshia limau.

Jumamosi mgeni alikuja. Ulivaa shati jeupe ukasimama karibu na picha ya kwanza, mgeni akakushika mkono akakuita Jenerali mbele ya watu wote, na jioni ile ile vijana wa stendi walikuwa wanakuita Jenero. Nilikuona ukibadilika mwendo. Uliporudi shule ulikuwa unatembea kama mtu anayeangaliwa. Nilifurahi, Njoroge. Nilidhani nimekupa kitu ambacho baba yako hakukupa. Ulipoanza kukimbia asubuhi, ulipoacha kula sukari, ulipoweka ile picha kwenye simu yako, nilijua unaelekea wapi, na sikukuambia yaliyokuwa chini ya mti kwa sababu ningelazimika kukuambia na habari za Cucu.

Sikuelezi haya ili umchukie Jenerali. Mimi mwenyewe simjui. Nimechora shingo yake mara tisa na sijui alikuwa mtu gani, ila alimpa kijana koti siku ya mvua na akaangalia saa siku nyingine. Nimefikiri sana ni yupi kati ya hao wawili aliye wa kweli na nimeacha kufikiri. Jambo ninalolijua ni la yule kijana aliyeshika miguu, kwa maana nimemlea.

Leo asubuhi uliponiambia unaenda Kalimoni, nilisema naenda kununua rangi. Nilikwenda Thika. Ufunguo wa ukumbi bado ninao.

Guka alikuwa kwenye benchi la nje akiota jua, kama kila siku. Macho yameisha kabisa sasa. Alinijua kwa viatu.

"Ni wewe, nyina wa Jenero? Kijana anaenda lini?"

"Kesho, Guka."

"Vizuri. Ana shingo."

Nikaingia nikafunga mlango, nikaanza kukwangua mti. Kisu kinapiga kelele kwenye hadibodi, na baada ya muda akaanza kugonga kwa fimbo.

"Unafanya nini humo?"

"Nakwangua, Guka."

Fimbo ikakoma. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Imefika wapi?"

"Kwenye mikono yako."

"Funika."

"Hapana."

"Nikifa ufunue. Si mbali. Ni mwaka huu au mwaka ujao, utangoja tu. Mimi ni mzee, kairetu."

"Naona."

"Watu wananiita Guka hapa! Watoto wananiletea maziwa!"

"Cucu Wambui hakungojewa, Guka."

"Wewe ndiye hukumngoja!" akapiga kelele. "Mimi nilisema chora mti, sikusema lini! Brashi ilikuwa yako!"

Alikuwa sawa. Nilisimama na kisu mkononi na alikuwa sawa kabisa. Kisha akaanza kulia kule nje, kilio cha mzee, kama mtu anayekohoa. Nami nikaendelea kukwangua huku nikimsikiliza, na nakuambia hili ili ujue umezaliwa na mtu wa aina gani: nilisikia utamu. Kwa dakika chache nilisikia utamu wa kumfanya mtu aumie kwa ajili ya ukweli. Pengine Jenerali naye alikuwa akiusikia.

Nilipofika kichwani, rangi ya chini ilitoka pamoja na ya juu. Siku ile nilipaka haraka, kabla ile tapentaini niliyosafishia haijakauka, na zote mbili zikashikana. Nilijaribu kwa ncha ya kisu, nikajaribu kwa kidole. Hakuna uso, baba. Juu ya shingo na kamba kuna hadibodi tupu ya kahawia, ukubwa wa sahani. Mtu wa mwisho aliyepata nafasi ya kuuona uso wa Nyambura ni mimi.

Nilirudi nyuma mpaka ukutani ili niione picha nzima, na ndipo nilipoona jambo ambalo sijui kama nilikuwa nimelisahau au nilijifanya. Mwanamke yuko chini. Vijana wawili wako kazini. Na kulia, amenyoosha mkono, amesimama wima kama alivyofundishwa, yuko Jenerali, na Jenerali ni wewe. Ni shingo yako, na mdomo wako wa miaka kumi na mitatu uliobanwa ili usilie. Nilikuchora ukivumilia maumivu yako, na sasa inaonekana unayavumilia ya mtu mwingine.

Nilikuwa na brashi. Nusu saa ingetosha kukupa uso wa mtu yeyote. Niliichovya. Kisha nikaona kwamba nimesimama mahali pale pale, na mkebe ule ule, nataka kumfunika mtu kwa haraka kabla wengine hawajafika. Nikaifuta. Nimeacha ilivyo na nimefungua madirisha. Mpaka jioni Thika yote itakuwa imejua, na hapa kwetu Mwiki kesho. Watasema Jenero ananyonga mama wa watu. Nimekuweka tena mahali ambapo hukuomba kusimama, na safari hii wewe mwenyewe hukuwapo kuniambia unaona giza.

Kwa hivyo ukumbi uko wazi kuanzia saa mbili. Mnatakiwa kuripoti saa tano. Nyuma ya mlango kuna brashi nambari nane na mkebe mdogo wa rangi ya kahawia. Uso ni wako, si wangu. Ukitaka kuufuta, ufute, na sitakuuliza. Ukitaka kuuacha, uuache. Wale wengine watatu usiwaguse. Guka atakuwa kwenye benchi, na ukimsalimia atakujua kwa sauti. Usimtukane. Nimeshamtosha mimi.

Ukinikasirikia, kasirika. Usiniambie ni sawa. Barua hii nitaiweka juu ya kitanda chako, na ukimaliza kuisoma nitakuwa upande wa pili wa pazia, na kama hutaki kunisemesha mpaka kesho usinisemeshe. Nitakuchemshia maji ya kuoga, uyaoge ama uyaache.

Sikuombi usiende. Haki ya kukuomba hivyo niliiacha kwenye ile kreti. Lakini wao wataanza pale nilipoishia mimi, na watakuta kazi kubwa imeshafanywa. Itakuja siku mtu unayemheshimu, pengine mtu mwema kabisa, atakuonyesha mtu aliye chini na kukuambia, shika hapa. Hutapata muda wa kufikiri. Mikono itakuwa imeshashika kabla hujajua ni ya nani. Basi achia. Usingoje kuambiwa, maana hakuna atakayekuambia. Hata kama umeshashika muda mrefu na wenzako wote wanakuangalia, achia. Watakuandika kuwa askari mbaya, watakuvua sare, watakurudisha. Utanikuta hapa Mwiki, na nitakufungulia mlango kabla hujabisha.

Mama yako.